Kava la ngozi, begi la nailoni au boksi la plastiki: kamera ya Dar ibebwe na nini, ilale wapi?

Anayenunua kamera ndogo ya kisasa, hasa zile zenye sura ya kizamani kama Fujifilm X100VI, hachukui muda kabla hajaoneshwa kava la ngozi. Linavutia, hilo halina ubishi: rangi ya kahawia, mshono mweupe pembeni, kifungo cha shaba. Kisha anatajiwa bei. Hapo ndipo swali linapokuja: hili kava lina kazi, au ni urembo tu?

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa Dar es Salaam, ngozi ni nguo ya kutokea, si ya kulalia. Kamera ikiwa mkononi au shingoni, kava zuri la ngozi linafanya kazi ambayo begi haliwezi kuifanya. Kamera ikirudi kabatini, ngozi hiyohiyo inaweza kuigeuka, na kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko unaobana linaishinda kwa mbali. Ubishi mwingi kuhusu makava unatokana na watu kuchanganya kazi mbili, kubeba na kutunza.

Washindani wetu basi ni hawa: kava la ngozi (kamili au nusu), kava la mpira wa silikoni, kifuko cha neoprini, begi la nailoni au turubai, na kasha gumu la plastiki. Sitawapa wote nafasi sawa, kwa sababu hawastahili nafasi sawa.

Kava kamili na nusu-kava

Kava kamili ni lile linalofunika kamera nzima. Mbele lina pua ya kuingia lenzi, na ukitaka kupiga picha unafungua kifungo, pua inaangukia mbele. Mtindo huu ulienea pamoja na kamera za filamu ya milimita 35 baada ya Leica kuingia sokoni mwaka 1925. Ukikuta Zenit E ya Kisovieti kwenye kabati la babu wa Magomeni, kuna uwezekano mkubwa bado imo ndani ya kava lake gumu la kahawia. Zama zile lilikuwa na mantiki. Mtu alikuwa na kamera moja na lenzi moja, filamu ya picha 36 iliweza kumfikisha mwisho wa mwezi, na Zenit E haikuwa hata na betri ya kubadilisha, maana kipimamwanga chake kiliendeshwa na mwanga wenyewe. Kamera ilikuwa haina sababu ya kutoka ndani ya kava mpaka siku ya kubadilisha filamu.

Kamera ya leo ina betri ya kuchaji na kadi ya kutoa kila jioni, na nyingi hubadilishwa lenzi. Kava lililokatwa kwa lenzi fupi haliwezi kupokea zumu. Ile pua inayoning'inia inapigapiga kifuani ukitembea, na ukiwa na lenzi pana upepo wa Coco Beach unaipeperusha mpaka inaingia kwenye picha. Tena kuna hatari ambayo wauzaji hawaisemi: kwenye makava mengi ya aina hii mkanda umeshonwa kwenye kava, si kwenye kamera. Kamera yenyewe inashikiliwa na skrubu moja tu chini, ile ya robo inchi inayoingia kwenye tundu la tripodi. Skrubu ikilegea kwa mtikisiko wa bodaboda, utabaki na kava shingoni na kamera itakuwa kwenye lami. Anayetumia kava la urithi aikaze skrubu hiyo kila anapotoka, na akague uzi unaoshika mkanda, kwa kuwa mara nyingi uzi huoza kabla ya ngozi yenyewe.

Kwa hiyo kava kamili namwachia mwenye kamera ya filamu, au mwenye kamera ya lenzi isiyobadilishwa ambaye hana haraka ya kupiga. Wengine wote wanapouliza habari za ngozi, kitu cha kuzungumzia ni nusu-kava: lile linalofunika kitako cha kamera na kupanda kidogo mbele na pembeni, juu wazi, nyuma wazi kwenye kioo na vitufe. Hili linakaa kwenye kamera muda wote wa kazi.

Faida yake ya kwanza ni mshiko. Kamera ndogo nyingi zina bodi nyembamba na laini, na mkono wa Dar una jasho. Ngozi inafyonza jasho kidogo na kuushika mkono, wakati chuma na plastiki vinateleza. Unene wa kava chini unamwongezea mtu mwenye viganja vikubwa sehemu ya kuweka kidole cha mwisho, ambacho kwenye kamera ndogo hubaki kinaelea hewani. Ukiijaribu kamera ileile ikiwa na kava na ikiwa haina, kwa saa moja ya kutembea Kariakoo, utaielewa tofauti hii bila kuelezwa.

Faida ya pili ni kitako. Kamera inawekwa kila mahali: kwenye kaunta ya duka, kwenye ukingo wa zege wa baraza, kwenye meza ya mgahawa yenye chembe za mchanga. Mikwaruzo ya chini haiharibu picha, lakini siku ya kuiuza, mnunuzi mzoefu ataanza kwa kuigeuza aangalie tumbo. Kitako kisafi kinatetea bei.

Sasa gharama zake. Mlango wa betri na kadi kwenye kamera nyingi ndogo uko chini, hapohapo kava linapokaa. Kava lisilo na dirisha au mlango wa kufungua chini litakulazimisha ulitoe kila betri inapokwisha, na betri za kamera hizi ndogo hazifiki mwisho wa siku ya kazi. Baada ya wiki utachoka, utaliacha nyumbani. Kwa maoni yangu, kava lisiloruhusu kutoa betri bila kuvuliwa halifai kununuliwa hata likiwa zuri kiasi gani. Angalia pia tundu la tripodi. Makava mazuri yana sahani ya chuma chini yenye tundu lake. Mabaya yanalifunika kabisa, au skrubu yao ya kujifunga inalikalia.

Na kama unapiga video, fikiria joto. Kamera ndogo nyingi hazina feni. Joto la kihisi (kile kinachonasa picha) na la prosesa linatoka kupitia bodi yenyewe, na kuivika bodi ngozi ni kulichelewesha lisitoke. Kurekodi 4K mchana wa Februari uwanjani, juu ya hilo ukaongeza kava, ni kuitafutia kamera sababu ya kujizima katikati ya hotuba ya mgeni rasmi.

Jambo ambalo nusu-kava halifanyi kabisa ni kuzuia pigo. Ngozi ya milimita mbili hailindi lenzi, hailindi kioo, wala haipunguzi kishindo cha kamera kuanguka kutoka kifuani. Muuzaji akikuambia "hili linalinda kamera", muulize inalindwa dhidi ya nini. Dhidi ya mikwaruzo, ndiyo. Dhidi ya sakafu ya vigae, hapana.

Unyevu, ambao ndio kesi yenyewe

Dar ni mji wa pwani wenye hewa nzito. Masika ni Machi hadi Mei, vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba, na hata katikati yake hewa haikauki hasa. Asubuhi nyingi unyevu hupita asilimia 80. Fangasi wa lenzi hustawi unyevu ukidumu juu ya asilimia 65 au 70 hivi, penye giza na hewa isiyotembea. Kwa maneno mengine, ndani ya begi lililofungwa juu ya kabati huko Sinza pana kila kitu anachokihitaji.

Mbegu zake ziko hewani kila mahali, kwa hiyo huwezi kuzikimbia. Unachoweza kufanya ni kuzinyima maji. Zikipata unyevu huota kwenye kioo, hutandaza nyuzi nyembamba, na hutoa asidi inayokula ule mpako wa rangi ya zambarau au kijani unaouona ukiielekeza lenzi kwenye taa. Fundi anaweza kuifungua lenzi na kuifuta, lakini mpako ulioliwa haurudi.

Hapa ndipo ngozi inapopoteza kesi. Ngozi ilitoka kwa mnyama, na hata ikishasindikwa bado inafyonza unyevu wa hewa na kuushikilia. Ina mafuta ambayo kuvu huyala. Makava mengi yamewekwa mahameli au kitambaa laini kwa ndani, nacho kinashika unyevu na vumbi pamoja. Ukiweka kamera ndani ya kava la ngozi Ijumaa usiku baada ya mvua na kulifungua Ijumaa inayofuata, usishangae kuona vumbi la kijivu kwenye mshono. Hiyo ni kuvu, na lenzi iko sentimita mbili kutoka hapo. Ushauri wa kutoihifadhi kamera kwa muda mrefu ndani ya kava la ngozi ni wa zamani sana miongoni mwa wapiga picha wa nchi za joto, na haujapitwa na wakati.

Kuna na suala la chumvi. Anayevuka na pantoni kwenda Kigamboni, au anayepiga picha za wavuvi soko la samaki la Feri, anarudi na chumvi kwenye kila kitu. Kwenye chuma au plastiki unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yamekwisha. Kwenye ngozi inaingia ndani, na chumvi huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo kava linabaki na ubichi hata siku ya jua. Vifungo vya shaba vinaota kitu cha kijani kinachonata: hayo ni mafuta ya ngozi yakikutana na shaba. Wakusanyaji wa kamera za zamani za Zeiss Ikon wanaijua kesi hii vizuri, maana ngozi iliyobandikwa juu ya bodi hupata vinundu pale misumari ya shaba iliyo chini yake inapoliwa na kutu. Kama kutu hiyo inaweza kutokea kwenye kamera za Wajerumani, Msasani haiwezi kusalimika.

Nailoni haifyonzi maji kama ngozi na inakauka haraka, lakini isipewe sifa ya bure. Begi la nailoni lina sponji ndani, na sponji ikilowa inakaa na maji siku kadhaa. Ukilifunga zipu likiwa bichi, umejenga nyumba ya fangasi vilevile. Turubai ni kati ya hapo: Domke na Billingham, majina yaliyojengwa tangu miaka ya 1970, wanatumia turubai, na Billingham huliongezea mikanda ya ngozi. Ni mabegi ya kudumu, yanapendeza, lakini turubai iliyolowa nayo ni nzito na haina haraka ya kukauka.

Mshindi wa usiku hana hadhi yoyote dukani. Ni kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira, silika jeli (zile chembe za kufyonza unyevu) ndani, na kipimaunyevu kidogo cha kuweka pembeni. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika jeli ya rangi ya bluu ikigeuka waridi, au ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, imeshiba. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi mpaka rangi irudi. Asiye na oveni atumie kikaango kwenye moto mdogo, ila kikaango hicho kisipikie tena chakula, hasa kama silika ni ile ya bluu. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya vimeshakunywa unyevu wa njiani kabla hujavifikia, usivitegemee. Na mchele, tafadhali, ubaki wa pilau: unafyonza kidogo na unamwaga unga kwenye kamera.

Mwenye lenzi nyingi na umeme wa uhakika anunue kabati kavu la umeme. Linakula wati chache tu, kiasi kwamba LUKU haitajua lipo. Umeme ukikatika, usilifungue. Likifungwa vizuri linashikilia ukavu wake kwa saa nyingi.

Hali moja ngozi inasaidia kidogo. Ukitoka chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 20 kwenda nje mwezi Machi, lenzi inapata ukungu papo hapo, kwa kuwa hewa ya nje ina unyevu mwingi kiasi cha kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi chini ya 24 hivi. Kava au begi linachelewesha kamera kupata joto, kwa hiyo ukungu unakuja polepole. Lakini umande huo unaishia wapi? Kwenye ngozi. Dawa yake ni mfuko wa plastiki wa zipu: tia kamera ndani ukiwa bado kwenye baridi, toka nao, subiri nusu saa, umande utashika nje ya mfuko. Wapiga picha wa harusi za kumbi za hoteli wanaujua mchezo huu, kwa sababu maharusi hutoka ukumbini kwenda bustanini bila kumsubiri mtu.

Ngozi yenyewe: halisi, bandia, na fundi wa mtaani

Makava mengi ya bei nafuu yanayoitwa ya ngozi ni kitambaa kilichopakwa poliyurithani, aina ya plastiki. Kwa nchi kavu yanadumu kiasi. Kwa Dar, hapana: joto na unyevu kwa pamoja vinavunja poliyurithani, ikaanza kupata nyufa, kisha kuambuka vipande vidogo vyeusi vinavyobaki mkononi na kwenye mlango wa lenzi. Aliyewahi kuwa na sofa ya ngozi bandia sebuleni ameshauona mwisho wake. Hata begi la nailoni la mtumba lina ugonjwa huu, maana upande wa ndani hupakwa poliyurithani ili lisipitishe maji. Ukipekua mabegi ya mtumba Karume, ingiza mkono ndani. Likinata au likitoa harufu ya siki, lirudishe, hata kama jina la Lowepro limeandikwa kubwa mbele.

Kati ya ngozi bandia na silikoni, chukua silikoni. Haina fahari, inashika vumbi na nyuzi za nguo, na ukiivaa siku nzima jasho linajikusanya chini yake. Lakini haiozi, inaoshwa kwa maji na sabuni, na bei yake haiumizi. Neoprini, ile ya nguo za wazamiaji, ni nzuri kwa kazi moja: kuifunika kamera kabla hujaitupia kwenye begi la kawaida. Inapunguza pigo dogo na haikwaruzi. Ikilowa inakaa na maji, ndiyo kasoro yake, na ndiyo maana haifai kulazia kamera.

Ngozi halisi nayo ina namna zake. Sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromu: hutoka laini, haraka, na inavumilia maji vizuri zaidi. Nyingine husindikwa kwa magome ya miti, kama miwati ile iliyopandwa Njombe kwa biashara ya magome yake. Hii ni ngumu, inashika umbo, inazidi kupendeza kwa kushikwa, lakini inafyonza maji upesi na kupata madoa. Wauzaji huisifia zaidi hii ya pili. Kwa pwani yetu mimi ningechukua ya kromu, hata kama haina hadithi tamu.

Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haina sababu ya kuagiza kila kava kutoka nje. Ngozi inapatikana, wanaofundisha ufundi wake wapo, kampasi ya DIT Mwanza ikiwa mojawapo, na siku za Sabasaba pale viwanja vya Kilwa Road huwa wanaonekana watengenezaji wa viatu na mikoba wenye mkono safi kabisa. Fundi viatu au fundi mikoba mzuri anaweza kukushonea nusu-kava, lakini uende na kamera yenyewe, si picha ya simu, na ukae naye wakati wa kupima. Mzozo utakaotokea unafanana kila mahali:

"Fundi, hapa kwenye mlango wa betri usishone. Niachie wazi."

"Bosi, tukiacha wazi halitakaa vizuri, litaonekana kama limekatika."

"Liache tu wazi, fundi. Nitalibeba hivyohivyo."

Mwambie pia asiweke mahameli ndani, aache upande wa ndani wa ngozi uliosuguliwa laini. Vifungo viwe vya chuma kisichoshika kutu na visiguse bodi ya kamera. Matundu ya mkanda yaache vishikio vya kamera wazi, ili mkanda ufungwe kwenye kamera yenyewe. Gundi iwe kidogo, mshono uwe mwingi.

Daladala, bodaboda na macho ya watu

Kwenye kulinda dhidi ya mapigo, begi lenye sponji halina mpinzani isipokuwa kasha gumu. Daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, au mwendokasi iliyojaa kutoka Kimara, haijali kamera yako imevaa nini, inaibana. Hapo kamera iwe ndani ya begi, begi liwe kifuani. Kwenye bodaboda usivae kamera shingoni kabisa, ikiwa na ngozi au bila ngozi, kwa sababu ya ajali na kwa sababu ya wale wanaopita na pikipiki kukwapua.

Kuhusu wizi, kava la ngozi lina tabia ya ajabu. Linaifanya kamera ya kisasa ionekane ya kizamani, na nimewasikia watu wakiiambia kamera ya mamilioni "hiyo ya babu". Vizuri. Lakini ngozi mpya inayong'aa nayo inasema mwenyewe ana hela. Begi la nailoni lenye jina la kampuni ya kamera mbele ndilo baya kuliko yote: limeandika yaliyomo. Ningechukua begi la kawaida la mgongoni, lililochakaa kidogo, na ndani yake kigawanyo cha sponji kinachouzwa peke yake. Mtu anadhani umebeba daftari na chakula cha mchana.

Kasha gumu la aina ya Pelican, kampuni iliyoanza Marekani mwaka 1976, ni kwa safari za maji: boti ya Bongoyo, Mbudya, au ukienda Mafia. Mengi yana kiwango cha IP67, yaani vumbi haliingii na linavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Ni zito, halipendezi, na linavutia macho. Na ukilifungia kamera bichi ndani, mpira uleule unaozuia maji kuingia utazuia unyevu kutoka.

Nani achukue nini

Mpiga picha wa harusi na send-off hana biashara na kava la ngozi. Ana bodi mbili, lenzi kubwa, flashi, betri kumi, na kamera zake zina mshiko mpana tayari. Pesa ya kava aitie kwenye mkanda mzuri wa mabega mawili na begi la sponji nene. Akitaka ngozi aipate kwenye mkanda huo, hapo inaleta raha bila kuleta hasara. Mwandishi wa habari vivyo hivyo, isipokuwa yeye atafute turubai laini isiyo na zipu nyingi, ya kuingiza mkono bila kuangalia.

Mtu wa picha za mtaani na za familia, mwenye kamera ndogo anayoibeba kila siku, ndiye aliyetengenezewa nusu-kava la ngozi. Anunue halisi, lenye mlango wa betri, au ashonewe. Akikosa fedha ya halisi achukue silikoni na asijisikie vibaya.

Mwanafunzi aliyenunua kamera ya kwanza, ya mtumba, kwa jasho: kontena na silika jeli kwanza, kabla ya begi, kabla ya kava, kabla ya lenzi ya pili. Mkusanyaji wa kamera za filamu naye atenganishe. Kamera ikae kwenye kontena, kava la urithi likae kwenye rafu yenye hewa, limetunishwa kwa karatasi nyeupe lisipoteze umbo. Vikutane siku ya kutoka tu.

Na aliyeamua kubaki na ngozi, kuitunza si kazi kubwa. Ukirudi nyumbani, vua kava, lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ikiwa ulikuwa pwani, kisha litundike kivulini penye upepo, si juani wala karibu na jiko, maana joto kali linaikakamaza mpaka inapasuka. Mafuta ya ngozi yasiyo na rangi, kidogo sana, mara chache kwa mwaka, na kamera isirudishwe ndani mpaka yakauke kabisa. Kiwi ya rangi waachie wenye viatu. Ukiipaka kwenye kava itahamia kwenye kanzu nyeupe ya bwana harusi mnapokumbatiana kupeana hongera, na hutapata mtu wa kumweleza habari za matunzo ya ngozi.